Vibofu vya Sampuli Namba Arobaini na Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mtunza sampuli alipasua kibofu cha kwanza kwa ncha ya sindano, akatoa ndani yake kifungo cha shati. Kibofu kilikuwa na upana wa milimita moja na nusu. Kifungo kilikuwa na milimita kumi na moja, cheupe, kikiwa bado na uzi wa kijani. Uzi aliutambua, kwa kuwa ndiye aliyekishona. Alikiweka kwenye kisahani cha kioo, akaandika.

Kazi aliyopewa ilikuwa kuutambua mmea. Ulitoka kwenye mbuga ya majimaji, wa jamii isiyo na mizizi, inayotandaza vibofu chini ya maji na kula wadudu. Mlango wa kibofu hufungukia ndani tu, kiingiacho hakitoki. Spishi zilizofanana nao zilikuwa mbili, moja ya maua ya njano, nyingine ya zambarau, na yakikaushwa yote huwa rangi ya chai. Profesa alisema ameuchuma mwenyewe tarehe kumi na mbili, ila rangi ya ua imemtoka kichwani.

Kwa miaka kumi na tisa, mchumaji wa Profesa alikuwa baba yake mtunza sampuli, ambaye ofisi nzima ilimwita Kambale. Taarifa ya safari ilisema Kambale aliacha kazi tarehe kumi na moja, akaenda zake. Mtaani walimalizia wenyewe: kapata mwanamke mwenye ng'ombe, kaolewa huko. Mama wa mtunza sampuli, kwa aibu, hakuenda tena bombani mchana. Binti alitaka sentensi ile moja ya taarifa irekebishwe, basi.

Kibofu cha pili kilikuwa na kiatu cha mpira, mguu wa kushoto. Cha tatu kilikuwa na saa ya mkono, imesimama saa nne na dakika saba, na kidirisha chake cha tarehe kilionyesha kumi na mbili. Aliipeleka kwa msajili, mama mtu mzima aliyekula chumvi nyingi pale ofisini.

"Mwanangu," msajili alisema, "saa ya baba yako ilianza lini kusema kweli? Kila siku alichelewa yule."

Hata hivyo aliandika daftarini: vitu vya kigeni ndani ya vibofu, vitatu. Akaomba kiatu kitandikiwe gazeti, maana kilikuwa kinachuruzika.

Profesa alikuja, akaviangalia bila kuvigusa.

"Kambale hafi maji. Ndiyo maana akaitwa hivyo."

"Tarehe, Profesa."

"Nimeiona. Endelea, huenda na rangi imo."

Rangi ilikuwa kwenye kibofu cha tisa. Kilikuwa na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimeandikwa kwa penseli. Baba ndiye aliyemfundisha kwamba wino hufutika majini na penseli haifutiki. Kilisema: *Na. 47. Tarehe 12. Ua zambarau, doa la njano kooni. Nimemrushia Profesa mfuko. Maji kifuani. Anasema bado mmoja, mbele kidogo.*

Profesa alikisoma mara mbili. Alisema zambarau yenye doa la njano haimo katika kitabu chochote, kwa hiyo ni spishi mpya. Kisha akaomba mkasi, akakata baada ya neno "kooni", akaacha nusu ya chini mezani.

"Na hii?" mtunza sampuli aliuliza.

"Hiyo si botania, binti."

"Ulimrudisha majini. Amefia kazini kwako, saa nne na dakika saba."

"Taarifa imeshagongwa muhuri," Profesa alisema. "Tukigusa mstari mmoja, watauliza na mingine."

Mtunza sampuli alirudi kwenye hadubini yake. Vilibaki vibofu kumi na vinne, akawa anavipasua kimoja baada ya kingine, bila kupumzika. Kila kimoja kilimwaga maji. Saa tisa maji yalifika magotini, ya kahawia, yenye majani yaliyooza, na msajili akapandisha viti juu ya meza. Alimuuliza kama bado vingi. Mtunza sampuli alijibu kwamba vimebaki vitano.

Saa kumi na dakika ishirini maji yalikuwa kifuani. Msajili alijitwika madaftari kichwani, akalalamika kuhusu sketi yake. Profesa aliinua lebo juu ya maji, akaibandika kwenye mlango wa kabati, akatia saini hapo hapo. Spishi ilipewa jina la mkewe. Mkusanyaji: Profesa. Halafu akatangaza kwamba leo wafunge mapema.

Mtunza sampuli alivuka chumba polepole, nusu ya chini ya kijikaratasi ikiwa katikati ya meno yake. Taarifa ya safari ilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa. Alinyoosha mkono, akaigusa. Ilikuwa kavu, yote imeandikwa kwa wino.