Kinyonga Hazibwi Pua

Kitu cha kwanza ambacho msusi alijichagulia mwenyewe, bila kumwuliza mtu, kilikuwa na urefu wa kidole cha kati pamoja na mkia, nacho kilitembea kama mtu anayeifikiria kila hatua kabla ya kuikanyaga. Alimkuta kwa muuza ndege wa karibu na kituo cha mabasi, ndani ya kizimba cha wavu, katikati ya kasuku waliokuwa wakigombana: kinyonga mchanga, rangi ya jani la mgomba, jicho moja likimtazama yeye na la pili likitazama mlango. Msusi alisimama pale hadi muuza ndege akadhani mama huyu amepotea njia. Kisha akafungua mkoba wake.

Kwa mwanamke mwingine hilo lingekuwa jambo dogo. Msusi, hata hivyo, alilelewa na dada yake mkubwa tangu mama yao alipofariki, na dada mkubwa alikuwa mtu wa kupanga. Ndiye aliyemchagulia kazi ya kusuka. Ndiye aliyemtafutia chumba cha kupanga, chumba chenye giza mchana kutwa. Hata mume alimtafutia yeye, na mume yule alipobeba masanduku yake akaenda zake, dada mkubwa ndiye aliyeamua kwamba habari zake zisizungumzwe tena. Saluni ilikuwa yao wawili kwa maneno. Kwa vitendo, funguo zilikaa katika mkoba mmoja tu, na mkoba huo haukuwa wa msusi.

"Nini hicho?" dada mkubwa aliuliza asubuhi alipoingia na kukiona kizimba.

"Kinyonga."

"Naona ni kinyonga, mimi si kipofu. Nauliza anafanya nini kwenye saluni yangu."

"Anakaa. Chumbani kwangu hakuna jua."

Lile neno "yangu" msusi alilisikia vizuri. Akalimeza, kama alivyokuwa amemeza mengi.

Alikitua kizimba juu ya rafu, mbele ya kioo kikubwa kuliko vyote. Hakufanya hivyo kwa kubahatisha. Alikuwa amelifikiria jambo hilo njia nzima: mtoto mdogo, peke yake, kati ya watu wasio wa jamii yake, angalau aione sura inayofanana na yake, asijione mkiwa. Ni wazo ambalo lingemjia msusi tu, mtu aliyezoea kuona watu wakiketi mbele ya kioo wamenuna na kuinuka wakitabasamu.

Kinyonga hakutabasamu. Alipokitazama kioo, rangi ya jani ilimtoka, akawa kahawia, kisha karibu mweusi. Akavimba ubavu, akafunua kinywa, akaanza kuyumba mbele na nyuma kama mlevi anayetafuta mlango.

"Anajipenda huyo!" wateja walicheka. "Mwone anavyojitazama!"

Msusi naye alicheka siku hiyo. Alimtupia panzi, panzi wanene waliokamatwa kwenye nyasi za uwanja wa nyuma, na kumwekea maji kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya nywele. Panzi walirukaruka, wakachoka, wakatulia. Maji yalishika vumbi. Kinyonga hakugusa chochote, si siku hiyo wala zilizofuata. Macho yake, ambayo dukani yalizunguka kila upande, yalianza kudidimia kidogo katika vifuko vyake, na mara nyingine yakafumba mchana kweupe. Hapo kicheko kilimwisha msusi. Aliwahi kuona macho ya namna ile kwa mgonjwa.

"Huyo anakufa," dada mkubwa alisema, akimpaka mteja dawa ya kichwani. "Na anakufa kwa ubishi tu. Mshike, mfungue mdomo, mtumbukizie panzi. Wewe ulipokuwa unakataa uji, mimi nilifanyaje?"

"Uliniziba pua."

"Nikakuziba pua! Ukafungua mdomo mwenyewe, ukameza. Na leo hebu jitazame, kiti kinalia ukikikalia."

Wateja wakaangua kicheko. Msusi aliendelea kugawa nywele kwa kichana, mstari ulionyooka kama uzi. Aliukumbuka uji ule, jinsi ulivyoingia pamoja na machozi, na jinsi ambavyo hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini hakuutaka. Ulikuwa unamchoma ulimi. Ni hilo tu.

"Huyu hazibwi pua," alisema.

Si kawaida yake kujibu.

"Unasemaje?"

"Nimesema hazibwi pua. Atakula mwenyewe."

Dada mkubwa aliweka brashi chini. "Sawa, bibi daktari. Jumamosi tuna bibi harusi na wasindikizaji wake. Sitaki mzoga mbele ya bibi harusi. Kama Ijumaa jioni hajala, namrudisha mwenyewe alikotoka. Na sitakuuliza."

Hukuwahi kuniuliza, msusi alijibu moyoni. Mchana, wateja walipopungua, alitoka nje kwenye kibaraza akampigia simu muuza ndege.

"Unampa nini, mama?"

"Panzi."

"Wakubwa kiasi gani?"

"Panzi wa kawaida tu."

Muuza ndege alicheka hadi akakohoa. "Hao si chakula chake, mama, yeye ndiye chakula chao! Mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya kinyonga mwenyewe. Mtafutie vile vinzi, nzi wadogo wanaofuata ndizi mbivu. Na maji je?"

"Nimemwekea kwenye kifuniko."

"Hayaoni hayo. Yeye hulamba matone juu ya majani. Mnyunyizie. Halafu nikuulize: hapo ulipo kuna kinyonga mwingine?"

"Hakuna."

"Una hakika? Maana hao hawapendani hata kidogo. Mchanga akimwona mwenzake anavimba, anasahau hata njaa."

"Nakwambia hakuna," msusi alisema, na papo hapo, kupitia mlango uliokuwa wazi, akawaona vinyonga wawili: mmoja ndani ya kizimba, mweusi kwa hasira, na mwingine ndani ya kioo, mweusi vilevile.

Akakata simu bila hata kuaga. Alikuwa amemwekea mtoto adui mbele ya macho. Adui asiyechoka, asiyegeuka, anayevimba kila yeye anapovimba. Naye alidhani amempa mwenzi.

Alikihamishia kizimba dirishani, penye jua la asubuhi. Kinyonga akavimba tena. Msusi alipoinama hadi macho yake yakalingana na yale ya mnyama, alielewa: vioo vya saluni vilitazamana ukuta kwa ukuta, kila kimoja kikimpokeza jirani yake picha, na hapakuwa na pembe hata moja ambayo yule adui hakuwamo. Alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni. Kisha akachukua yale mashuka meusi wanayofungwa wateja shingoni, akapanda juu ya kiti, akaanza kuvifunika vioo kimoja baada ya kingine, akivibana kwa vibanio vya nywele. Chupa ya kunyunyizia aliisuuza mara nyingi, mpaka harufu ya dawa ya kulainisha ikaisha, ndipo akayanyunyizia majani ya tawi lililokuwamo kizimbani. Ndizi zilizoiva kupita kiasi alizitia kwenye chupa ya mdomo mpana na kuiacha wazi uani.

Dada mkubwa alirudi kutoka kununua nywele za rasta, akasimama mlangoni.

"Kuna msiba ambao sikuambiwa?"

"Hakuna msiba. Alikuwa anajiona kwenye vioo, anadhani ni mwenzake. Ndiyo maana hali."

"Umefunika vioo. Kwenye saluni. Watu wanalipia kioo, mdogo wangu! Kusukwa wanaweza kusukana nyumbani!"

Vioo viliendelea kufunikwa. Dada mkubwa alivua shuka moja, msusi akalirudisha. Akavua lingine, msusi akalirudisha hilo pia, bila neno, huku akishikilia vibanio kwa meno. Wasichana wawili waliinuka wakasema watarudi vioo vikirudi. Waliobaki walisukwa kama vipofu, wakipapasa vichwa vyao na kuulizana, "Hapa nyuma pamekaaje?" Msusi alipoiingiza ile chupa iliyojaa vinzi na kuiweka kizimbani, dada mkubwa aliinua mikono juu. "Kwanza kinyonga, sasa nzi! Kesho utatuletea na ng'ombe!"

Hata hivyo, rangi ya jani ilianza kurejea. Kinyonga alilamba matone. Hilo msusi aliliona kwa macho yake. Vinzi alivitazama kwa jicho moja, kisha kwa yote mawili. Lakini kula, hakula.

Ijumaa alasiri aliyekuwa kitini alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa ule, mwanamke wa maneno mengi na subira zaidi. Kwa kuwa hapakuwa na kioo cha kutazama, msusi alikuwa amemgeuza aelekee dirishani.

"Mimi sura yangu naijua," mkunga alisema. "Wewe suka."

Nywele zilikuwa zimefika nusu ya kichwa dada mkubwa alipoingia na boksi tupu la viatu. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kioo kikubwa, akashika pindo la shuka.

Msusi aliacha msuko ukining'inia, akavuka chumba, akamshika dada yake kifundo cha mkono. Hakukibana. Alikishika tu, lakini hakukiachia, na wote wawili walikitazama kile kiganja kana kwamba ni cha mtu wa tatu.

"Niachie."

"Achia shuka kwanza."

"Ijumaa imefika. Tulikubaliana."

"Wewe ulisema. Mimi sikukubali."

"Unanishika mkono mimi? Mimi niliyekulea?"

"Ulinilea, dada, na nashukuru, na nitashukuru mpaka nizikwe. Lakini sasa umemaliza. Akitoka huyu, natoka na mimi, na mikono yangu hii naenda nayo. Bibi harusi utamsuka wewe."

Dada mkubwa alipepesa macho. "Utavunja udugu kwa ajili ya mjusi?"

"Kinyonga."

"Haya, kwa ajili ya kinyonga?"

"Kwa kuanzia," msusi alisema.

Hakuwa na uhakika kama mnyama yule angeishi hadi Jumatatu. Alijua tu kwamba akifa, atafia pale juu ya tawi, kinywa chake kikiwa chake mwenyewe. Na kwamba shuka lile halitashuka.

"Nyamazeni!" mkunga alisema kwa sauti ya chini, ile sauti iliyowahi kunyamazisha wodi nzima. "Nyamazeni nyote wawili. Tazameni."

Kinyonga alikuwa amejivuta mbele juu ya tawi. Macho yake yote mawili yalikuwa yamekutana kwenye kinzi kimoja kilichotua juu ya wavu. Kinywa kilifunuka kidogo, ncha ya ulimi ikachungulia, ikasita. Kisha kinzi hakikuwapo tena. Kinyonga alikuwa anatafuna, taratibu, kwa heshima zake.

"Ee! Nimewapokea watoto wa mtaa mzima," mkunga alinong'ona, "sijaona kinywa chenye haraka hivi. Ulimi mrefu kuliko wa jirani yangu!"

Dada mkubwa aliachia shuka. Alisogea dirishani, akainama hadi uso wake ukakaribia wavu. Jicho moja la kinyonga lilimgeukia. Mwili ukakakamaa, na doa la kahawia likatokeza ubavuni.

"Unamtisha," msusi alisema. "Geuka."

"Nimwangalie kidogo tu, hata mimi nimengoja."

"Geuka, dada."

Dada mkubwa, ambaye katika maisha yake yote aliwaambia wengine waelekee wapi, alibaki ameinama kwa muda. Kisha akanyooka, akageuka, akasimama akiutazama ukuta uliofunikwa shuka, boksi la viatu kwapani. Nyuma yake kulisikika mlio mdogo mkavu, kama mtu anayebandua utepe. Kinzi cha pili.

"Basi amekula," aliuambia ukuta. "Mashuka yatoke sasa."

"Yatatoka upande wako, vioo vya huko pekee havimfikii. Upande huu wa dirisha hayatoki."

"Na bibi harusi kesho ajitazame wapi?"

"Kwako. Akitaka mkono wangu, atakuja huku, na hatajitazama mpaka nimalize."

Dada mkubwa aliliweka boksi chini. Msusi alikuwa amekwisha kurudi nyuma ya kiti, ameushika ule msuko uliokuwa ukining'inia, na anauendeleza kutoka pale ulipokatikia.