Mzee Elimringi Hapandi Gari

Datsun ya mzee Elimringi, nyekundu, ya milango miwili, iliyowahi kukimbia mashindano, iliingia gereji ya mtaa wa Gerezani ikivutwa kwa kamba. Fundi Sadalla aliinyanyua injini kwa mnyororo, akaifungua juu ya gunia. Jioni ile ile aliichomoa krenki, chuma kinachozungushwa na pistoni, akamuuzia jamaa wa Arusha. Mahali pake aliweka krenki kuukuu ya pikapu. Mwenye gari keshazikwa Machame, alijiambia, mjane atajuaje?

Asubuhi mzee Elimringi alikuwa amekaa juu ya kreti la soda kando ya injini, viatu vyake vina udongo wa kwao. Hakuna aliyeshangaa. Gerezani wenye magari hukaa hivyo, wakilinda vipuri visibadilishwe, na Mmachame hafundishwi kulinda mali. Alichelewa usiku mmoja tu.

"Shikamoo, mzee," Sadalla alisema.

"Marahaba. Piga kazi."

Sadalla alipiga kazi kwa aibu. Alifunga pistoni, ringi mpya, gasketi. Mzee alimshikia tochi, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Mjane, Blandina, alikuja siku ya kuwasha gari akiwa amevaa kitenge chake kizuri. Tangu mazishi mumewe hakuwahi kurudi nyumbani Ilala, hata kusalimia. Ndiyo maana aliamua kulitengeneza gari: mzee angeifuata injini yake popote.

Injini iliwaka kwa jaribio la kwanza. Blandina akafungua mlango wa abiria.

"Baba Vicky, panda twende nyumbani."

Mzee aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza. Kisha akarudi kwenye kreti, akaketi.

"Mbona hataki, fundi? Nimemkosea nini?"

Sadalla alifuta mikono kwa kitambaa. Akaifuta tena.

"Labda amepazoea hapa, mama."

"Haya. Nitunzie basi," Blandina alisema, akaendesha peke yake hadi Ilala.

Tangu hapo huja kila Jumapili akitoka ibadani, na chupa ya chai ya tangawizi. Mzee hanywi, anatazama barabara ya kwenda Arusha. Kwa hiyo Blandina humpa Sadalla kikombe, akimshukuru kwa kumtunzia mumewe. Sadalla hunywa chote, maana akikataa ataulizwa kwa nini.