Mkono Mbele ya Kamera ya Joto

Taa nyekundu iliwaka tena, na mashine ya kukereza vyuma ikazimika yenyewe, shafti ikiwa imekerezwa nusu.

"Kisu kimelika," kikasema kisanduku cha kamera pale ukutani.

Mama Cheche akavua miwani. Mara ya nne hiyo tangu asubuhi. Akapitisha ukucha kwenye ncha ya kisu. Kikali vilevile.

"Kisu kizima, mwanangu!"

Mhandisi, mtoto wa dada yake, hakuinua uso kwenye kompyuta. "Mama mdogo, kamera inaona joto. Hii akili bandia imesoma picha elfu tatu za visu. Wewe una ukucha tu."

"Ukucha huu una miaka ishirini na sita kwenye chuma."

Bosi alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Alishasema: shafti kumi zisipotoka kabla ya chakula cha mchana, basi mkono wa Mama Cheche umekuwa mzito, ahamie stoo akapange boliti. Zilikuwa zimetoka mbili.

Mama Cheche akawasha tena, roho juu. Akachovya brashi kwenye maji ya kupozea, akaisogeza kwenye kisu, maana pampu ya maji ilikufa zamani. Brashi haijafika, nyekundu!

Safari hii hakufoka. Akautazama mkono wake. Zile wiki za kuifundisha kamera, aliambiwa abonyeze kitufe cha kupiga picha kila anapobadilisha kisu kilicholika. Naye alibonyeza kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa tayari na spana juu ya kisu.

Akakifungua kisu, akakiweka mezani. Mashine imelala, kisu hakuna, akapeleka mkono mtupu mbele ya kamera.

"Kisu kimelika."

Bosi akatoa mikono mfukoni. "Kisu gani?"

Mhandisi akafungua picha zake. Kila kisu kilicholika kilikuwa na vidole vyekundu vya joto pembeni. Visu vizima alivipiga picha mwenyewe, kabla mafundi hawajaingia. Kidole hata kimoja hakuna.

"Nilikwambia wiki ya kwanza," Mama Cheche akasema. "Ngoja nitoe mkono kwanza ndiyo nibonyeze. Ukanicheka."

"Tutaifundisha upya, mama mdogo. Wiki tatu tu. Nitaomba ubonyeze..."

"Utabonyeza mwenyewe." Akachomoa waya wa kisanduku, akafunga kisu kilekile. "Bosi, zimebaki nane. Hebu nipishe mwanga."