Kambale wa Tahiya

Hasira zangu zi karibu, na jirani zangu wote wa Mkunazini wanalijua hilo. Lakini kwa mwaka mzima nilizimeza mbele ya mtoto mmoja na tangi moja la samaki.

Mtoto ni Khairat, binti wa mume wangu Hamid. Tangi lilikuwa la mama yake, marehemu Tahiya, aliyeliweka sebuleni akalijaza samaki wa maji baridi wa namna mbalimbali: wawili wa dhahabu wenye matumbo manene, kundi la gapi wenye mikia kama upindo wa kanga, na kambale mmoja mdogo mwenye sharubu, kipenzi chake, anayeshinda chini akifukua mchanga. Wote hao walikula pamoja na kulala pamoja bila ugomvi. Mimi na Khairat ndio hatukuwezana. Alinisalimia, alikula nilichopika, aliniita Bi Salhiya kama mpangaji anavyomwita mwenye nyumba. Tangi hakuniruhusu kuligusa. Wavu mdogo wa kuchotea samaki, ambao mama yake aliushona kwa kitambaa cha chandarua, aliulaza chumbani mwake, juu ya mto.

Sikulalamika. Mama wa kambo hata akipiga chafya, watu husema kamtukana mtoto.

Nilimpenda, na nilitaka abaki. Hilo halikuwa mikononi mwangu. Baada ya msiba, bibi yake mzaa mama, Bi Thuwaiba wa Chwaka, alikubaliana na Hamid kwamba mtoto akae mjini kwa ajili ya skuli, ila siku atakayosema hana raha, atachukuliwa. Alhamisi moja Bi Thuwaiba akaja kumtazama, na ndiyo wiki samaki walipoumwa.

Vidoa vyeupe vilikuwa vimewatapakaa mapezini, kama waliomwagiwa unga. Khairat alikuwa hali chakula vizuri kwa wasiwasi. Nikampigia simu kijana anayeuza samaki wa mapambo Bububu, nikampelekea na picha.

"Dawa yake chumvi," akaniambia. "Wa dhahabu na gapi watastahamili. Lakini huyo kambale mtoe kwanza, Bi. Hana magamba kama wenziwe, chumvi itamuunguza."

Basi chumvi ilikuwapo, na beseni la maji yaliyolala usiku kucha nililiweka tayari kwa kambale. Kilichokosekana ni ruhusa. Nikaamua kumngoja Khairat arudi kutoka skuli amtoe mwenyewe samaki wake. Nani angethubutu kumgusa?

Bi Thuwaiba alithubutu.

Nilikuwa jikoni nachemsha chai. Nikasikia maji yanamiminwa sebuleni, nikadhani mgeni anajimiminia ya kunywa. Nilipotoka na sinia, nikamkuta anafunga dumu tupu la lita tano, na sebule nzima inanuka pwani.

"Nshawatilia dawa," akasema, moyo umemtua. "Huu upele tu, mwanangu. Kwetu mtoto akitoka upele tunamkosha maji ya bahari, siku ya pili mwili laini. Khairat aliponambia kwenye simu samaki wana upele, nkajua hawa wanakosa maji ya kwao. Nimeyateka mwenyewe asubuhi, pale penye mwani wangu."

Sinia sijui niliiweka wapi. Kambale alipanda juu mbio, akameza hewa, akaanguka ubavu mpaka mchangani. Akapanda tena, akaanguka tena. Wale wengine wakaogelea zao kama hawana habari.

Maneno yalinijaa mdomoni, na hayakuwa maneno ya kuambiwa mtu mzima. Nikayabana. Nikapandisha mkono wa dera, nikatia mkono tangini na bakuli. Kambale akajichomeka chini ya jiwe. Nikaliinua jiwe, akakimbilia nyuma ya mpira wa kupulizia hewa. Mwiba wa pezi lake ukanichoma kidole. Kila nilipomkaribia alizidi kupapatika, na mimi nikazidi kuogopa kwamba ninamuua kwa mikono yangu.

"Kwani vipi?" akauliza Bi Thuwaiba. "Ana nini huyo?"

"Chumvi inamuua, mama. Kwa wenziwe ndo dawa, kwake yeye sumu."

"Ndo yule wa Tahiya?"

"Ndo huyo."

Akakaa kwenye kochi polepole, dumu miguuni pake. Wakati huohuo nikasikia viatu vya Khairat ngazini.

Aliponiona nimeinama, mkono tangini, maji yamechafuka, mkoba ulimwanguka begani.

"Unafanya nini? Toka! Usimguse!" Akanisukuma, akabandika uso kwenye kioo, akamwona kambale wake amelala ubavu. "Nani katia kitu humu? Nani?"

Nikamtazama Bi Thuwaiba. Dumu alilisogeza chini ya upindo wa buibui, kama mtoto anayeficha kikombe alichokivunja. Neno langu moja tu lingetosha kuniokoa. Na mimi napenda kuwa na haki, Mungu ananijua. Lakini yule mama alimzika binti yake, na yule mtoto hakuwa na mtu mwingine duniani mwenye sura ya mama yake. Nikiwagombanisha hawa wawili, mmoja atabaki na nani na mwingine atabaki na nani?

"Mimi," nikasema. "Nimetia chumvi. Nimekosea."

"Nlijua!" Sauti yake ilipasuka. "Nlijua ipo siku utawaua! Nnakwenda Chwaka. Leo hii hii, na bibi!"

Maneno hayo yaliniuma kuliko ule mwiba.

Akakimbia chumbani, akarudi na wavu, akauzamisha. Kambale akateleza pembeni. Akajaribu tena, mkono unatetemeka hata maji yanamwagika sakafuni. Mara ya tatu wavu ukatoka na kitu, akauinua kwa pupa. Hakuwa kambale. Kilikuwa kipande cha mwani, kibichi.

Khairat akakitazama. Akakinusa. Akatazama dumu lililochungulia chini ya buibui, kisha uso wa bibi yake. Mwisho akanitazama mimi, na hakuondosha macho.

Kambale alikuwa nyuma ya mpira wa hewa, amelala, mashavu yake yanafunguka kwa taabu.

Khairat akaninyooshea wavu.

"Shika wewe, Bi Salhiya. Mkono wangu unatetemeka. Mwendee kwa chini, taratibu, ana miba ubavuni."

Nikaushika. Nikaupitisha chini, juu ya mchanga, polepole, mpaka sharubu zake zikagusa kitambaa. Nikainua. Miba ilinasa, na Khairat akainasua kwa kucha huku mimi nimeushikilia wavu ndani ya beseni. Kambale akazama, akatulia. Tukasubiri, vichwa vyetu vinakaribia kugongana. Mashavu yakafunguka, yakafunga, yakafunguka.

"Yalikuwa maji yangu, mjukuu wangu," akasema Bi Thuwaiba nyuma yetu.

"Najua, bibi."

Laasiri Bi Thuwaiba akajifunga buibui lake, akachukua dumu. "Haya, Khairat, twende? Si ulisema leo?"

Khairat alikuwa bado amechutama mbele ya beseni. "Siwezi, bibi. Kambale hajapona."

Alipona. Na vidoa vya wenziwe vikaondoka pia, na Bi Thuwaiba mpaka leo anawaambia watu wa Chwaka kwamba ni dawa yake. Simbishii, japo ulimi unaniwasha. Khairat bado ananiita Bi Salhiya. Lakini wavu haulali tena juu ya mto wake. Aliutundika kwenye msumari sebuleni, pembeni mwa tangi, usawa wa mkono wangu.