Mia Tatu na Sita Hasimami

"Kakako kanipita tena," Mama aliniambia kabla sijavua koti. "Nimempungia mkono mpaka bega likauma. Akaenda zake, kana kwamba mimi ni nguzo ya simu."

"Una hakika alikuwa Clifford?"

"Yvonne, mimi nisiijue namba ya mume wangu?"

Guernsey ni kisiwa kidogo chenye magari mengi, na namba zetu ni tarakimu tupu, hazina herufi. Iliyo fupi ni ya zamani, na ya zamani ina wenyewe. 306 aliipata babu kwa ajili ya lori la kupelekea nyanya bandarini, ikahama gari hadi gari, kutoka kwa babu kwenda kwa baba, na baba alipofariki ikaenda kwa Clifford kwa kuwa ndiye mwanamume. Kwetu watu hawasemi wamemwona Robilliard, ingawa ndilo jina la ukoo wetu. Husema, "Nimepishana na Mia Tatu na Sita pale kanisani, kanyoa nywele." Mkono unainuliwa kwa namba, sura ya dereva utaitazama baadaye, ukipenda.

Na Mama sura hazioni tena. Macho yake yameingiwa na ukungu. Hukaa kitini nje ya nyumba yake huko Torteval, kando ya kibanda chake cha mboga, wapita njia wanachukua viazi na kutumbukiza pesa koponi wenyewe, na yeye anasoma namba. Tarakimu tatu anazisoma vizuri. Zikifika tano, anasema, zinarojeka kama uji.

"Halafu kanunua gari jeusi," aliendelea. "Kubwa, kama la kubebea maiti. Ndilo lililompa kiburi. Baba yenu alikuwa na lori linanuka mbolea, na alikuwa anasimama kwa kila mtu."

"Si umpigie simu umseme?"

"Simpigii. Mtu anapita mlangoni kwangu anakanyaga mafuta, nimwite wa nini?"

Basi hasira zikanianza. Nilimpigia mimi, hakupokea. Nikampigia mkewe, akasema Clifford yuko bandani, kisha akasema yuko bafuni, kisha simu ikakatika. Mama alimlea huyu mtu kwa kumpa yeye paja la kuku na mimi shingo, na sasa alikuwa anamlipa vumbi. Nilijiapiza kwamba siku nitakayomkuta barabarani nitamtoa garini kwa masikio.

Siku hiyo ikaja, kwenye kituo cha petroli njia ya kwenda mjini. Gari jeusi, namba 306, limesimama mbele yangu. Nikashuka, nikapiga kioo kwa kiganja.

"Toka nje, mshenzi wewe! Toka nikuone!"

Kioo kikashuka taratibu. Ndani alikuwamo mwanamume mwembamba aliyevaa miwani ya jua na huku mvua inanyesha. Sikumjua.

"Nimekukosea nini, mama?" aliuliza.

"Namba hii umeitoa wapi?"

Akafurahi. Kweli kabisa, alifurahi, kama mtu aliyesifiwa mtoto wake. Alisema ameinunua kwa bwana mmoja wa hapa hapa, wamekwenda pamoja ofisi ya magari, yeye akapewa 306 na yule bwana akapewa nyingine palepale, kila kitu kihalali. Alikuwa amehamia kisiwani kufanya kazi benki, na wenzake walimwambia bila namba fupi ataonekana mgeni mpaka azikwe.

"Ila ina mambo yake," alisema akicheka. "Watu nisiowajua wananisalimia. Kuna bibi mmoja huko Torteval, kila nikipita ananipungia mikono kama anazama. Mwanzo nilidhani anataka ninunue viazi. Siku hizi naongeza mwendo tu, maana naona si mzima kichwani."

"Yule ni mama yangu."

Kicheko kikamkauka. Alianza kuomba radhi, na radhi zake zilinikera kuliko kicheko, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mtu mbaya ningemtukana nikapona. Nilirudi garini bila kuweka hata petroli, nikaenda kumtafuta yule niliyekuwa na haki ya kumtukana.

Clifford alikuwa bandani kwake, ananoa shoka ambalo tayari lilikuwa kali. Nje alikuwa ameegesha kigari cheupe, kama vigari vyeupe vya nusu ya kisiwa hiki, na namba yake ilianza na saba na moja kisha ikaendelea tu.

"Umeuza," nilimwambia.

Hakuuliza ameuza nini. Aliweka shoka chini.

"Tamsin anataka nyumba," alisema. Tamsin ni bintiye. "Bei za hapa unazijua, Yvonne. Watu wa mabenki wanakuja wanazipandisha, watoto wetu wanahamia Uingereza. Mimi nina nini cha kuwauzia? Shamba sina. Nilikuwa na namba. Wao wanaitaka, wakae nayo."

"Sijakuuliza kwa nini umeuza!" Nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaitikia. "Uza! Uza na kaburi la babu ukipata mteja! Nakuuliza kwa nini hukumwambia Mama! Mwanamke ana miaka themanini na ushee, anakaa kwenye baridi anampungia mkono mtu wa benki, akidhani ni wewe unamdharau!"

"Unasema nini?"

"Umenisikia. Mtu wa benki anamwona mwehu, na Mama anakuona wewe huna adabu. Wote wawili wana sababu!"

Alikaa juu ya gogo.

"Lakini mimi napita," alisema.

"Unapita wapi?"

"Kwake. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nilishindwa kuingia ndani nimwambie uso kwa uso, dada. Nikasema nitapita polepole, akinipungia nitasimama, na nikishasimama nitasema. Hajanipungia hata mara moja. Ananikodolea macho, kisha anageuza shingo. Nikajua kashasikia mtaani. Nikajua ndiyo kanitenga."

Wapo watakaosema hapo ningemwonea huruma. Sikumwonea. Kaka yangu ana mvi, ana wajukuu njiani, amewahi kupanda paa la kanisa kwenye upepo kurekebisha msalaba, lakini alishindwa kusema neno moja kwa mwanamke aliyemzaa. Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa ameuficha mpaka ukamwozea. Wiki hadi wiki Mama alikuwa anamsubiri hapo kitini, naye wiki hadi wiki alikuwa anapita mbele ya kiti hicho hicho, na kila mmoja akirudi ndani ameumizwa na mwenzake.

"Hawezi kuisoma, mjinga wewe," nilimwambia. "Macho yake yanaishia tarakimu tatu. Ofisi imekupa tano. Kwa Mama wewe sasa ni uji."

Nilimvuta kwa mkono wa sweta.

"Nyanyuka. Tunakwenda kwa gari lako."

Vichochoro vya Torteval ni vyembamba, na tulipokutana na trekta Clifford alirudi nyuma kulipisha. Dereva wa trekta, mtu aliyesoma naye shule, alitupita bila kuinua mkono. Nilimwona Clifford akimeza mate. Nikasema moyoni, meza.

Mama alikuwa palepale, amejifunika blanketi magotini. Clifford alisimamisha gari mbele ya kibanda, akashusha kioo. Mama alisikia injini ikinguruma. Aligeuza uso upande wetu, akaikazia macho ile namba, akaiacha.

"Viazi vimebaki vidogo vidogo tu," aliliambia gari, kwa ile sauti ya upole anayowapa wateja. "Kabeji zipo chini ya gunia. Pesa tieni koponi, wapendwa. Mimi sioni vizuri."

Clifford alishuka.

"Mama. Ni mimi."

Uso wa Mama haukubadilika, ila mikono yake iliacha kuchezea blanketi. "Gari lako jeusi liko wapi?"

Akamwambia. Alimwambia yote, amesimama kwenye tope, namba, Tamsin, mtu wa benki, Jumapili zote. Mimi sikumsaidia hata neno moja. Alipofika kwenye mtu wa benki Mama alifumba macho, na nikajua anahesabu moyoni alivyonyanyua ule mkono.

"Kwa hiyo umeuza kwa ajili ya Tamsin," alisema hatimaye.

"Ndiyo, Mama."

"Sawa. Ni kibati tu. Baba yako angegomba wiki nzima, halafu angekwenda kuiuza mwenyewe."

Clifford alipumua. Alijifuta pua kwa mkono wa sweta, akasogea ainame ambusu.

"Sijamaliza," alisema Mama, na Clifford akasimama pale pale. "Jumapili hizo ulizokuwa unapita hapa polepole. Mimi uliniona?"

"Nilikuona, Mama."

"Vizuri vizuri? Macho yako wewe hayana kitu?"

"Nilikuona vizuri."

"Nimekaa hapa?"

"Umekaa hapo."

"Basi namba uliuza," alisema Mama. "Na breki nazo uliuza?"

Mama alijisukuma kutoka kitini. Clifford alinyoosha mkono wake, na Mama, ambaye haoni sura ya mtu, aliuona mkono ule barabara akaukwepa, akashika wangu. Tuliingia ndani. Mlango hakuufunga, wala hakumwambia aingie. Nikaweka birika jikoni, na chai ilipoiva nikamimina vikombe viwili.