Kibati Namba Kumi na Saba

Kila alasiri, abiria wakisharudi melini, mimi husimama mbele ya ubao wa vibati na kikombe cha chai. Kila abiria ana kibati chenye namba. Akishuka kwa mashua kwenda kisiwani kutazama ndege na sili, hukigeuza upande mwekundu. Akirudi, upande mweupe. Ubao ukiwa mweupe wote namwarifu nahodha, tunaondoka, nami nanywa chai yangu.

Siku hiyo nilikuwa kwenye funda la pili, meli imeshashika mwendo, abiria namba kumi na sita alipokuja na vikombe viwili mkononi.

"Binti, umemwona mama watoto? Chai yake inapoa."

"Si yuko chumbani, mzee?"

"Hayupo. Nimezunguka meli nzima."

Nilimwonyesha ubao. "Lakini namba kumi na saba ni nyeupe."

"Hiyo nimegeuza mimi. Huwa namgeuzia." Alitabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. "Nilidhani yuko mashua ya pili."

Niliweka kikombe chini. Kazi hii ya kuongoza watalii niliisomea chuoni miaka mitatu, na nilikuwa nimehesabu vibati, sikuhesabu vichwa.

Nahodha hunitania kwa kuniita Bi Kimya. Siku hiyo hakunitania wala kunigombeza. Aliigeuza meli, akasema, "Omba asiwe amepanda juu."

Asubuhi nilikuwa nimewaonya abiria mimi mwenyewe: huko juu kwenye kilele cha volkano, karibu na moshi, mwamba ni mwembamba kama ganda la yai, na chini yake ni moto.

Ndani ya mashua iliyoturudisha kisiwani, mzee alikuwa akijisemea. "Nilimwambia twende, nikadhani ananifuata. Nilimwambia ndege ni ndege, ukimwona mmoja umewaona wote." Akanishika mkono. "Binti, miaka thelathini na minane sijamwacha hata sokoni."

Ilikuwa kweli. Wiki nzima mpishi akimwuliza mama yule atakula nini, mzee ndiye aliyejibu. Mama alikuwa akifungua mdomo, kisha anaufunga.

Ufukweni nyayo zake zilionekana wazi kwenye majivu meusi. Hazikuelekea mashua zilikokuwa. Zilipanda. Nilizifuata, mzee nyuma yangu akihema.

Tulimkuta nusu ya mlima, ameketi juu ya jiwe katikati ya ndege weupe, viatu kavivua. Hatua tatu kutoka alipo, kinda lilikuwa linachomoza kichwa kwenye yai. Hakuwa na jeraha hata moja.

Mzee alipiga magoti, akaanza kumpapasa miguu. "Umeanguka? Umepotea, eh?" Akanigeukia. "Amepotea. Macho yake siku hizi, na masikio pia. Hakuisikia honi ya meli ikituita."

"Niliisikia," mama akasema.

Mzee aliganda na kiatu mkononi.

"Ilipigwa mara tatu. Nikaiona mashua ya kwanza ikiondoka, nikaiona na ya pili."

"Sasa... ulikuwa umechoka? Ulishindwa kutembea? Au ulikuwa..."

Alinyamaza mwenyewe. Sikuwahi kumwona akinyamaza katikati ya sentensi. Mama alimngoja kidogo, kama mtu asiyeamini kwamba zamu yake imefika.

"Nimechoka kujibiwa kila ninapoulizwa, baba watoto," akasema. "Nilitaka nikae peke yangu."