Kikombe cha Pili cha Maziwa

Mume wangu Mihayo aliacha mashimo ya dhahabu kule Bulyanhulu mgongo ulipokataa, lakini kuchimba hakuacha. Siku hizi anachimba televisheni. Ananunua mizoga ya redio, simu na betri za sola pale Kharumwa, anaileta kwa baiskeli, tunaichoma uani ili tupate shaba na madini ya risasi ya kuuza. Kufagia majivu ni kazi yangu. Nimefagia miaka minne, na kusema kweli nimechoka.

Moshi wa ile plastiki unakaa kooni mpaka kesho yake. Ndiyo maana kila jioni tulikunywa maziwa. Wachimbaji wote huku watakwambia: ukishika zebaki, ukivuta moshi, kunywa maziwa yakate sumu. Nasi maziwa hatukununua, tulikuwa na ng'ombe wetu, Madoa.

Mwaka huu Mihayo akaanza kuumwa tumbo. Mikono ikatetemeka, uji ukawa unamwagikia kifuani. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, eti. Nikajiambia moshi umemzidi, nikamwongezea kikombe cha pili. Kilikuwa changu, nikamwachia. Nilijiona mke mwenye akili kweli.

Kwa hiyo Madoa alipoacha kula, niliogopea maziwa kwanza, sitaficha. Alisaga meno, macho yakawa hayaoni, akawa anasukuma ukuta wa jiko kwa kichwa. Nikampigia simu Athanas, bwana mifugo wa kata, akaja.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Niponyee huyu. Mume wangu anamtegemea."

Akamfungua mdomo, akamtazama macho, kisha badala ya kutoa sindano akaanza kuzunguka uani. Nusura nimfokee. Alisimama nyuma ya jiko, kwenye rundo langu la majivu. Upande mmoja ulikuwa umelambwa ukawa laini kama sufuria iliyokombwa.

"Anakula haya?"

"Analamba tu. Anayapenda kama magadi. Nami nikasema afadhali, chumvi ya bure."

Athanas akavua kofia. "Mayu, haya yamejaa risasi, ya kwenye betri na vile vibao vya ndani ya redio. Ni sumu. Ndiyo inayomuua. Na haiishii tumboni mwake, inaingia mpaka kwenye maziwa."

Akanitazama.

"Maziwa yake anakunywa nani?"

Nilikuwa nafikiria jana jioni. Madoa alitoa kidogo mno, hata kikombe hakikujaa, na Mihayo alisema hayataki, yanamchefua. Nilimgombeza kama mtoto. Nikamshikia kikombe mwenyewe, maana mikono yake haikuweza, nikasimama juu yake mpaka akamaliza.